Mtaala wa Karatasini na Mtaala Unaomfikia Mtoto

Mtaala ukiguswa, kila mtu huwa na la kusema. Mzazi analalamika kwamba mtaala mpya umemletea mzigo wa vitabu. Mwalimu anasema mtaala hauna tabu, kinachomshinda ni silabasi isiyoisha. Jirani yao ana hakika kwamba mtaala umebadilika kwa kuwa miaka ya shule ya msingi imepunguzwa. Mgombea naye anasimama jukwaani na kuahidi mtaala utakaoleta ajira. Wasikilize vizuri, utaona kwamba wote wanne wametamka neno moja huku kila mmoja akiwa na kitu chake kichwani. Wa kwanza anazungumzia vitabu, wa pili muhtasari wa somo, wa tatu muundo wa elimu, na wa nne matumaini yake. Mjadala wa namna hiyo haufiki popote, na wakati wakubwa wanabishana mtoto anaendelea kukaa darasani saa kadhaa kila siku. Ndiyo maana naona inafaa tulifungue neno hili taratibu.

Tuanze na neno lenyewe. Wengine huandika mtaala, wengine mtalaa, na ubishi wa herufi hizo ni wa siku nyingi. Asili yake ni Kiarabu, katika neno lenye maana ya kusoma kwa makini na kuchungua. Ni huko huko tulikopata kitenzi kutalii, na kwa hiyo mtalii, mtu anayezunguka akitazama na kujifunza, ni ndugu wa damu wa mtaala. Lugha za Ulaya zilipita njia nyingine. Neno lao, curriculum, linatokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kukimbia, na lilitaja mbio zenyewe au njia ya kukimbilia. Kufikia 1633 neno hilo lilikuwa limeshaingia katika kumbukumbu za Chuo Kikuu cha Glasgow, likimaanisha kozi nzima ambayo mwanafunzi alipaswa kuimaliza.

Basi tuna picha mbili: kutazama kwa makini na kukimbia hadi mwisho. Tuzishike zote mbili, kwa sababu ugomvi mwingi wa shule umo kati yake.

Kila jina na kazi yake

Kwa maneno mepesi, mtaala ni mpango mzima unaoeleza watoto wajifunze nini, kwa nini wajifunze hicho na si kingine, kwa mpangilio gani, kwa njia zipi, na tutajuaje kwamba wamejifunza. Mwaka 1949 mtaalamu wa elimu wa Marekani, Ralph Tyler, aliyafupisha haya kuwa maswali manne: shule inalenga kufikia nini, ni uzoefu gani utawafikisha wanafunzi huko, uzoefu huo upangweje, na tutapimaje kama lengo limefikiwa. Zaidi ya miaka 70 imepita na wanaounda mitaala bado wanayazunguka maswali hayo hayo, hata wale wanaompinga.

Chukua mfano wa kujenga nyumba. Mtaala ni yale maamuzi ya mwanzo: nyumba ni ya nani, watu wangapi watakaa humo, watahitaji nini sasa na miaka 20 ijayo. Muhtasari, ambao wengi huuita silabasi, ni mchoro wa chumba kimoja kimoja wenye vipimo vyake. Kila somo lina wake, na ndani yake mna mada na mada ndogo. Azimio la kazi ni ratiba ya fundi inayoonyesha wiki hii atafika wapi na wiki ijayo wapi. Andalio la somo ni kazi ya leo asubuhi. Kitabu cha kiada ni tofali. Unaweza kubadilisha matofali yote nyumba ikabaki ile ile, na unaweza pia kutumia matofali ya zamani ukajenga nyumba tofauti kabisa.

Na ile miaka ya shule ya msingi na sekondari? Hiyo ni idadi ya ghorofa, yaani muundo wa elimu. Kuongeza au kupunguza mwaka ni jambo kubwa, lakini peke yake halikuambii watoto watafanya nini ndani ya vyumba.

Saa ni zile zile

Kitu kinachosahaulika kuliko vyote katika mijadala hii ni saa. Tuseme shule ina wiki 36 za masomo kwa mwaka, na hisabati ina vipindi 5 kwa wiki vya dakika 40 kila kimoja. Zidisha: dakika 7,200, yaani saa 120. Toa wiki 4 za mitihani, sherehe na siku za mwalimu kuugua, zinabaki saa 107 hivi. Sasa muhtasari ukiwa na mada ndogo 60, kila moja imepata muda usiofika saa mbili. Ndani ya muda huo mwalimu aeleze, watoto wajaribu, wakosee, wasahihishwe na wajaribu tena. Wako 50 darasani.

Ndiyo maana nasema kazi ngumu ya mtaala ni kuacha. Kila msiba unapoitokea jamii husikika sauti: jambo hili lifundishwe shuleni! Usalama barabarani, mazingira, fedha, kompyuta, maadili. Hakuna lililo baya hata moja. Ila siku haina saa ya 25, na kila kinachoingia kinakisukuma kingine nje, au kinavipunguzia vingine vyote muda mpaka hakuna kinachoeleweka. Anayependekeza mada mpya angetusaidia sana kama angetaja pia ile itakayotoka.

Hapa kuna dhana ya kuikataa mapema, ile ya kwamba mtaala wenye mada nyingi ndio mtaala mzuri. Katika miaka ya 1990 watafiti waliolinganisha ufundishaji wa hisabati na sayansi wa nchi nyingi, kupitia utafiti wa kimataifa unaojulikana kama TIMSS ulioanza 1995, walikuta kwamba Marekani iliwapitisha watoto wake katika mada nyingi kwa mwaka kuliko nchi kadhaa zilizofanya vizuri zaidi. Nchi hizo ziligusa mambo machache na kukaa nayo. Watoto wa Marekani walikimbia na wenzao wakatalii.

Kilichoachwa nje nacho hufundisha. Mtaalamu mwingine, Elliot Eisner, alilieleza hilo mwaka 1979: kile ambacho shule haikitaji kabisa kinamwachia mtoto ujumbe kwamba hakina uzito. Mtoto anayemaliza shule bila kuchora picha hata moja hakuambiwa na mtu kwamba sanaa ni kitu cha bure, lakini ameshajibiwa.

Mpangilio, au kwa nini mtoto hukwama leo kwa jambo la miaka minne iliyopita

Baada ya kuchagua, kuna kupanga. Mwaka 1959 wanasayansi na wataalamu wa elimu walikutana Woods Hole, Marekani, kujadili ufundishaji wa sayansi, na mwaka uliofuata Jerome Bruner akaandika kuhusu wazo ambalo mitaala mingi duniani imelifuata tangu hapo: jambo moja lirudiwe mara kadhaa katika miaka ya shule, kila mara kwa kina zaidi, kama ngazi inayozunguka nguzo. Unapita upande ule ule lakini uko juu zaidi.

Sehemu katika hisabati zinalionyesha hili vizuri. Mtoto mdogo anakunja karatasi mara moja, anaona nusu. Anaikunja tena, anaona robo. Anazipanga robo mbili juu ya nusu na kukuta zimelingana. Miaka miwili baadaye anarudi pale pale, safari hii kwa tarakimu, na kujumlisha nusu na robo. Baadaye nusu inageuka 0.5, kisha asilimia 50, halafu inaingia kwenye uwiano na aljebra. Ni nusu ile ile ya karatasi, imepanda ngazi.

Sasa mchukue mwanafunzi wa miaka 13 aliyekwama kwenye asilimia. Mwalimu anamweleza mara tatu na haingii. Acha asilimia, muulize tu ipi kubwa, theluthi moja au robo moja. Anajibu haraka kwamba ni robo, kwa sababu 4 ni kubwa kuliko 3. Hapo umeona shida ilipo. Mwanafunzi huyu hajashindwa asilimia, ila hakupata kukunja ile karatasi, au aliikunja mara moja tu na darasa likasonga mbele kwa sababu ratiba ilisema hivyo. Ngazi ilikatika chini, na sisi tunamlaumu kwa kutofika juu.

Mzazi anayeona mwanawe "anarudia mambo ya mwaka jana" asikimbilie kukasirika. Mara nyingi marudio hayo yamepangwa hivyo. La kuuliza ni kama anarudi akiwa juu zaidi au anazunguka chini palepale.

Mitaala mitatu ndani ya mmoja

Tumefika kwenye kiini. Utafiti wa TIMSS niliotaja hauzungumzii mtaala mmoja, unazungumzia mitatu. Kuna uliokusudiwa, ambao umeandikwa kwenye karatasi. Kuna uliotekelezwa, ambao mwalimu aliufundisha kweli. Na kuna uliofikiwa, ambao umebaki kichwani na mikononi mwa mtoto. Mgawanyo huu ni mwepesi, lakini ukiushika vizuri nusu ya mabishano huisha.

Twende darasani. Karatasi inasema: mwanafunzi aweze kupima na kulinganisha ujazo wa vimiminika. Huo ndio uliokusudiwa, na ni mzuri. Mwalimu ana watoto 50 na chombo kimoja cha kupimia chenye alama zilizoanza kufutika. Maji yako mbali na kipindi ni cha dakika 40. Anafanya ambalo wengi wetu tungefanya: anachora chombo ubaoni, anaandika kwamba lita moja ni mililita 1,000, na watoto wanaimba pamoja naye. Huo ndio uliotekelezwa. Wiki iliyofuata ukimuuliza mtoto yeyote lita moja ina mililita ngapi, anajibu 1,000 kabla hujamaliza swali. Kisha mpe chupa ya lita moja na nusu na kikombe cha mililita 250, umuulize vikombe vingapi vitaijaza. Anakutazama. Anakitazama kikombe. Anasema, "Mwalimu, hatujafika hapo." Huo ndio uliofikiwa.

Hakuna mvivu katika kisa hiki. Mwandishi wa mtaala aliandika jambo la maana, mwalimu alifundisha, mtoto alisikiliza. Hata hivyo, kati ya karatasi na mtoto kuna kitu kilidondoka njiani. Kwa hiyo mtu akisema mtaala ni mbovu, swali la kwanza liwe: upi kati ya hiyo mitatu? Kama uliokusudiwa una kasoro, uandikwe upya. Kama kasoro iko kwenye uliotekelezwa, hata karatasi mpya kumi hazitasaidia kitu. Huko dawa ni vyombo, mafunzo kwa walimu, na watoto wachache zaidi kwa kila mwalimu.

Historia ina mfano mkubwa wa kosa hilo. Oktoba 1957 Muungano wa Sovieti ulirusha Sputnik, setilaiti ya kwanza, na Marekani ikaingiwa na hofu kwamba imeachwa nyuma kisayansi. Mwaka 1958 ikapitisha sheria ya kumwaga fedha katika kufundisha sayansi, hisabati na lugha za kigeni. Mtaala wa hisabati, ambao wanahisabati walikuwa wameshaanza kuufikiria upya, ukabadilishwa kwa kasi, na watoto wadogo wakaanza kusoma seti, yaani makundi ya vitu, na kuhesabu kwa mifumo ya namba isiyo ya kumi kumi tuliyoizoea. Kwenye karatasi lilikuwa wazo la kuheshimika, la kumfanya mtoto aelewe muundo wa hisabati badala ya kufuata kanuni kama kasuku. Lakini walimu wengi hawakuandaliwa vya kutosha kwa mambo ambayo wao wenyewe hawakuyasoma, na wazazi walifungua madaftari ya watoto wao wakakuta hawawezi kuwasaidia kazi ya nyumbani hata swali moja. Katika miaka ya 1970 sehemu kubwa ya mabadiliko hayo ilikuwa imewekwa kando. Malalamiko ya wazazi wale ni haya haya yanayosikika leo popote mtaala unapobadilishwa haraka.

Mtihani ndio unaotawala

Kama unataka kujua mtaala wa kweli wa shule yoyote, usianze na karatasi rasmi. Tazama mitihani ya miaka mitatu iliyopita, na hasa vitenzi vyake. Taja. Orodhesha. Eleza maana ya. Kisha linganisha na vitenzi vya muhtasari: chambua, linganisha, buni, tathmini. Benjamin Bloom na wenzake walivipanga viwango hivi mwaka 1956, kuanzia kukumbuka, kupitia kuelewa na kutumia, hadi kutathmini. Muhtasari ukiwa na vitenzi vya juu na mtihani ukabaki kwenye "taja", mwalimu mwenye akili timamu atafundisha kutaja. Anajua anapimwa kwa alama za wanafunzi wake, na mwanafunzi anajua atachujwa kwa hizo. Hapo "kumaliza silabasi" kunageuka mbio kwelikweli: vipindi vya ziada alfajiri, notisi za kunakili, maswali ya kukariri. Sioni haki ya kumlaumu mwalimu wakati sisi ndio tuliomwekea utepe wa kumalizia mahali hapo.

Hapa inafaa nigusie kuhusu umahiri, neno ambalo limeenea sana. Mtaala wa umahiri unauliza mtoto anaweza kufanya nini na anachokijua. Ni tofauti kati ya kutaja mitindo ya kuogelea na kutiwa majini. Lakini dhana potofu imekuja nalo, kwamba sasa hakuna tena kukariri, watoto watacheza na kukata makaratasi tu. Si kweli, na si vizuri. Mtoto asiyejua 7 mara 8 akili yake inakwama kwenye kuzidisha wakati ilitakiwa ishughulike na swali lenyewe. Huwezi kufikiri kwa kina kuhusu ukame kama hujui mvua hutokeaje. Maarifa ndiyo maji ya kuogelea. Umahiri unakataa kuishia kwenye maarifa, hauyakatai maarifa. Ukiona darasa limejaa shughuli na kelele za furaha lakini hakuna jipya ambalo mtoto anaweza kulifanya jioni, jina la umahiri limetumika vibaya.

Somo lisiloandikwa popote

Mwaka 1968 Philip Jackson, aliyekuwa amekaa muda mrefu akitazama madarasa ya shule za msingi, aliandika kwamba watoto hujifunza mambo ambayo hakuna aliyeyapanga: kusubiri zamu, kuishi katikati ya umati, kusifiwa au kukemewa hadharani, kuwa chini ya mtu mwenye mamlaka. Aliuita mtaala uliofichika. Kaa nyuma ya darasa lolote dakika 20 utauona. Nani huinua mkono na kuitwa, nani huinua mpaka ukachoka akaushusha. Aliyekosea huulizwa "umefikaje hapo?" au huchekwa? Mtoto anayechekwa mara tatu kwa jibu lisilo sahihi amejifunza somo la kudumu, la kunyamaza. Muhtasari unaweza kuwa umeandika "udadisi" kwa herufi nzito, lakini yeye ameshafundishwa vingine.

Huu ndio mtaala ambao hakuna wizara wala taasisi inayoweza kuuandika upya kwa waraka. Unabadilika mwalimu anapobadilika, na mwalimu habadiliki kwa semina ya siku mbili.

Matokeo huchukua muda gani?

Mtoto anayeanza darasa la kwanza chini ya mtaala mpya atamaliza shule baada ya zaidi ya miaka kumi. Kabla ya hapo tunaweza kuona dalili, si matunda. Nchi zinazobadilisha kwa utulivu hulizingatia hili. Finland, kwa mfano, iliidhinisha msingi wa mtaala wake wa elimu ya msingi mwaka 2014 na kuanza kuutumia 2016. Katikati hapo, mamlaka za maeneo zilipewa nafasi ya kuandika mitaala yao ndani ya msingi huo. Nchi nyingine huandika kila kitu katikati na kukisambaza. Njia zote mbili zina faida na gharama zake. Ila kuubadilisha mtaala, kisha kuubadilisha tena kabla kundi la kwanza la watoto halijafika mwisho, ni kung'oa mche kila wiki kutazama kama umeota mizizi.

Turudi kwa yule mtoto na kikombe chake. Kuna njia nyingi za kumfikia, na iliyo rahisi kuliko zote haigusi hata mstari mmoja wa mtaala. Swali la mtihani libadilike. Badala ya "Lita moja ina mililita ngapi?" liandikwe: "Chupa ina lita moja na nusu. Kikombe kina mililita 250. Vikombe vingapi vitaijaza chupa? Onyesha ulivyopata." Swali kama hilo likitokea mwaka huu, muhula unaofuata mwalimu yule yule mwenye chombo kimoja atawaambia watoto waje na chupa tupu kutoka nyumbani. Watatoka nje na ndoo, watamwaga maji mengi chini, watabishana kama kikombe kilijaa sawasawa. Na mtoto atahesabu kwa sauti: nne, tano, sita.